Leo ya Mastura

Ya kale hayanuki, husema wahenga. Mastura binti Bilali akiusikia msemo huo alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno, kisha anasema hao wahenga hawakuwahi kuuza sato. Yeye aliuza. Tangu ujana wake alikuwa mwaloni Kirumba, bandari ya wavuvi pale Mwanza, kwenye meza za samaki, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wavuvi wote: hanunui samaki kabla hajamfunua shavu akaona wekundu wake. Samaki wa juzi ukimmwagia maji anang'aa vizuri tu, lakini shavu likishapauka limepauka. Wakamwita Mastura Shavu. Wala hakununa. Alisema afadhali kuitwa Shavu kuliko kuitwa jina zuri huku unalisha watu uozo.

Sasa mwanamke huyohuyo, na ukali wake wote, alikuja kuuza ya jana akiyaita ya leo. Nitakueleza ilivyokuwa, maana Pasiansi wapo wanaoisimulia vibaya.

Baba yake, Mzee Bilali, alikuwa seremala wa Mirongo. Alipata kiwanja Pasiansi zamani, wakati watu wanaona ni porini, akawa anajenga kidogo kidogo. Akipata mbao anaongeza chumba. Akapata tena, anaongeza kingine. Mwisho ikawa nyumba ndefu yenye korido katikati na vyumba vinavyotazamana, na baraza la mbele linaloliangalia ziwa. Mzee alipofariki aliacha watoto wawili tu: Rahim, mkubwa, aliyekuwa Dar es Salaam kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na Mastura.

Rahim alitaka nyumba iuzwe. Mteja alikwisha kumpata, bwana mmoja wa hukohuko Dar anaitwa Mayala, mwenye kinu cha kukamua mafuta ya pamba kule Nyakato, aliyekuwa akitafuta pa kuweka bohari ya mashudu, yale makapi ya mbegu. Mastura yeye alitaka kufungua gesti. Enzi zenyewe zilikuwa za soko huria, kila mtu na biashara yake. Aliyekuwa karani jana leo ana duka, na wageni walikuwa wanamiminika Mwanza, wa dhahabu, wa samaki, wa miradi.

"Mwanamke wa Kiislamu na gesti wapi na wapi?" Rahim alimuuliza.

"Kaka, na nyumba ya baba kujazwa mashudu, wapi na wapi?" Mastura akamjibu. "Gesti yangu haitakuwa na baa, na hao wa kuingia kwa saa moja wakatoka hawatakanyaga. Nipe muda."

Rahim hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu tu, na nyumba iliyokaa tupu ilimuumiza kichwa. Akasema, "Haya. Mpaka Idi. Idi ikifika vyumba vina popo badala ya watu, tunauza, na usinililie."

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na tisa, na Ramadhani ingeangukia Desemba. Mastura akaona muda upo. Akaacha meza yake mwaloni, akapaka nyumba chokaa, akanunua vyandarua, akatundika kibao: GESTI YA BILALI. Akakaa barazani kusubiri wageni. Chema chajiuza, akajisemea.

Chema hakikujiuza. Wageni waliteremka uwanja wa ndege, wakapita mbele ya kibao chake, wakaenda moja kwa moja hoteli ya Mhoja, jengo la ghorofa lililokuwa mbele kidogo. Mastura akadhani Mhoja anawahonga madereva wa teksi. Mpaka siku moja akaja Mzungu mmoja mtafiti wa magugu maji, kwa sababu tu kwa Mhoja palikuwa pamejaa. Mastura akampa chai, akamuuliza kwa Kiswahili cha polepole, "Hivi nyinyi Mhoja mnamjuaje?"

"Kwenye intaneti," yule mtafiti akasema. "Nimeuliza pa kulala Mwanza, jina la Mhoja limekuja la kwanza."

"Na langu?"

"Lako halikuja."

Hilo lilimkera kweli. Angeambiwa gesti yake chafu angebishana, lakini kutokuwepo kabisa, utabishana na nani? Kesho yake akavaa baibui lake akaenda Mirongo kwa Chenge. Huyu Chenge zamani alikuwa fundi redio, mtu mzima mwenye mzaha, na sasa alikuwa amefungua chumba cha kompyuta kilichounganishwa na simu. Kompyuta ikichelewa kufungua, alikuwa akiipiga piga kwa kiganja kama alivyozoea kupiga redio.

"Fundi, nataka nami niwemo humo," Mastura akasema.

Chenge akamtengenezea ukurasa. Mastura akasema maneno, Chenge akachapa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: nyumba iko wapi, ina nini, ziwa linavyoonekana kutoka barazani. Kwa kuwa hoteli za chakula mjini zote zilikuwa na ubao nje ulioandikwa LEO KUNA hiki na kile, Mastura naye akataka ubao wake. Juu kabisa wakaandika tarehe, na chini yake: LEO kuna vyumba. LEO kuna sato wa kukaanga. LEO meli ya Bukoba inaondoka saa tatu usiku. Siku ile ilikuwa kweli tupu.

Wiki zikapita. Ukiuliza mtambo wa kutafuta, Mhoja yuko juu, na jina la Bilali liko chini huko mpaka uchoke kuteremka. Mastura akarudi kwa Chenge amefura.

"Huko ndani kuna nini? Nani anapanga nani awe wa kwanza?"

Chenge akavuta kiti. "Dada Mastura, mjumbe wa nyumba kumi unamjua?"

"Nisimjue kwani mimi mgeni?"

"Basi na humu yupo, ila huyu hana miguu. Anapita ukurasa kwa ukurasa, anasoma mlichoandika, anapeleka habari kwa mkubwa wake. Akipita kwako mara mbili tatu akakuta maneno yaleyale, anakuzoea vibaya, anakaa miezi hajaja. Akikuta jipya kila akija, mlango wako anaupenda. Na mtu akiuliza jambo la leo, mkubwa anaanza kuwataja wenye habari za karibuni."

"Kumbe ni upya tu."

"Si upya tu. Anaangalia umeandika nini, anaangalia na wengine wanakutajaje. Na inategemea swali. Mtu akiuliza historia ya Mwanza, ya zamani ndiyo anaitaka. Lakini akiuliza..."

Mastura alikwisha simama. Neno alilolitaka alikwisha lipata, hayo mengine aliyasikia kwa sikio moja. Tangu siku hiyo akawa kila asubuhi anapita kwa Chenge, anakaa mwenyewe kwenye kompyuta, anafuta tarehe ya jana anaandika ya leo, kisha anaondoka. Maneno ya chini hakuyagusa.

"Mbona ni yaleyale?" Chenge alimuuliza.

"Tarehe si mpya?"

"Mpya."

"Basi niache na mjumbe wangu."

Chenge akacheka. Na kweli, mtambo ulikubali. Jina la Bilali likaanza kupanda, likawa chini ya Mhoja, likawa sambamba naye, na kiangazi kilipokaribia kwisha likampita. Wageni wakaanza kugonga hodi. Wa dhahabu walikuja, wa misheni walikuja, akaja na Mjerumani anayesoma ndege. Mastura akampigia Rahim simu Dar akamwelezea ufundi wake wa tarehe, kwa maringo, na Rahim akaguna tu. Mhoja mwenyewe, Msukuma mnene mwenye heshima zake, alimsimamisha njiani.

"Mastula, umenipita kwa dawa gani?"

"Dawa ya kuamka mapema, Mzee Mhoja."

"Haya bwana. Iko siku nitaamka na mimi."

Mastura alikwenda zake anatembea kwa madaha. Alijiona kamaliza kazi, Idi na ije hata kesho.

Ndipo alipokuja Paskazia.

Aliingia alasiri, mwanamke wa Kihaya wa makamo, amechoka kwa basi la kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi hotelini. Alikuwa amebeba sanduku na mfuko mkubwa wa vitenge vipya. Hakuomba chumba. Aliomba mahali pa kuoga tu, kwa sababu usiku anapanda meli.

"Meli ipi, dada?" Mastura akauliza.

"Ya Bukoba."

"Leo hakuna meli ya Bukoba. Mpaka keshokutwa."

Paskazia akamtazama kama anayetaniwa. Akafungua pochi akatoa karatasi iliyochapwa. "Nimesoma kwako Jumatatu, imeandikwa leo meli ipo. Nikasoma Jumatano, leo meli ipo. Nikasema kumbe siku hizi meli ni ya kila siku, kwa nini nijisumbue kuwahi? Ndiyo nimekuja leo."

Mastura akaichukua ile karatasi. Tarehe ilikuwa ya juzi, imekaa sawasawa. Chini yake leo, leo, leo. Na siku za meli zenyewe zilikwisha badilishwa tangu mwezi uliopita. Alilijua hilo, kila mtu Pasiansi alilijua, ila ukurasa wake ndio haukujua.

"Kuna nini Bukoba?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kesho mtoto wa kaka yangu anaolewa. Mimi ndiye shangazi." Paskazia akakaa kwenye sanduku lake. "Kwetu shangazi ndiye anayemfunda na kumtoa nyumbani. Mama yake hana kauli siku hiyo, mwenye kauli ni mimi. Sasa atatolewa na nani?"

Kama angetukana ingekuwa nafuu. Hakutukana. Alikaa tu pale ameushika mfuko wa vitenge, na Mastura aliona aibu ambayo hajawahi kuiona katika maisha yake ya sokoni. Wangapi aliwatimua mezani kwake kwa kumletea samaki aliyemwagiwa maji? Na yeye kafanya nini miezi yote hii, kama si kumwaga maji?

Hakukaa kujililia, si mtu wa hivyo. Alimshika Paskazia mkono wakashuka mwaloni, akawauliza wenzake wa zamani nani anapandisha gari ng'ambo ile. Wakampata dereva wa lori la dagaa anayekwenda Muleba kupitia kivuko cha Busisi, na Mastura akamwapisha kwamba atamfikisha huyu mama Bukoba yenyewe hata kama dagaa watasubiri. Barabara ilikuwa ya tope, mvua za vuli zimeanza. Aliyekuwepo mwaloni siku ile anakumbuka Mastura amesimama kati ya magunia ya dagaa anatazama lori mpaka likapotea.

Paskazia hakuwahi. Aliporudi kupitia Mwanza kwenda Nairobi alipita Pasiansi, akakaa barazani, akasema bibi harusi alisubiri mpaka jioni, kisha akatolewa na shangazi wa kuazima, akilia. Mastura akamwomba radhi, hakujitetea hata kwa neno moja.

"Nimekusamehe," Paskazia akasema, "kwa sababu ya lile lori. Lakini ile leo yako iondoe. Wengine hawatapata dereva."

Alikuwa ameshaiondoa. Siku ileile aliyompakia Paskazia kwenye lori, Mastura alipanda Mirongo akamwambia Chenge, "Fundi, nieleze tena yale ya swali. Siku ile sikukusikia."

Safari hii alisikia. Na alipoelewa aliyapanga kwa namna yake mwenyewe. Akasema kumbe humu ndani kuna dagaa na kuna sato. Nyumba iko wapi, ziwa linaonekanaje, Mzee Bilali alijengaje, hayo ni dagaa. Anika mara moja, yanakaa mwaka mzima na ladha yake. Kuyabadilisha kila siku ni kujichosha bure. Lakini meli, vyumba, umeme na chakula ni sato, na sato wa jana usimwekee jina la leo. Chenge akasema vitabu vyake vyote havijalisema hivyo, ila ndivyo.

Basi wakaugawa ukurasa. Dagaa chini, sato juu. Na kila asubuhi, kabla hajapanda Mirongo, Mastura alipita bandarini kuuliza meli kwa mdomo wake, akaangalia maji kwenye pipa, akahesabu vyumba. Aliyoyakuta ndiyo aliyoyaandika. Leo meli haiondoki. Leo umeme umekatika, tuna taa za chemli. Leo ziwa limechafuka, sato hakuna, tunapika maharage. Kama hana la kubadilisha, aliacha tarehe ya jana ibaki, ionekane kwamba ni ya jana.

Wageni wakapungua. Nani anakuja kula maharage kwenye giza? Jina likateremka tena, Mhoja akarudi juu, na vyumba vya upande wa kulia vikakaa vimefungwa. Ramadhani ikaandama huku hali ndiyo hiyo. Rahim alipiga simu kusema atakuja kabla ya Idi, na Mayala ataungana naye.

Chenge alimhurumia. "Dada Mastura, rudisha ile ya zamani mpaka Idi ipite. Wiki chache tu. Nyumba ya baba yako, usiipoteze kwa ajili ya maharage."

Mastura alikaa mbele ya kompyuta, vidole viko juu ya vitufe. Nisikudanganye kwamba hakutamani. Alitamani sana. Aliiona nyumba imejazwa mashudu, korido ya baba yake imepitishwa magunia. Kisha akaandika alichokikuta asubuhi ile: leo meli inaondoka, lakini daraja la tatu limejaa, ukitaka nafasi wahi mchana.

"Ikienda, iende na ukweli," akamwambia Chenge. "Shangazi mmoja ananitosha."

Na sasa sikiliza. Watu wanaosafiri ziwani swali lao ni moja: meli lini? Walikuwa wakiuliza mtambo, mtambo unawapa kurasa za kila namna, za mwaka juzi, za mwaka jana, na moja tu iliyoulizwa bandarini asubuhi ileile. Waliokuja wakakuta meli ipo kama ilivyoandikwa, wakaenda kuambiana. Paskazia alikuwa ameandika jina la ukurasa kwenye ubao wa wageni wa hoteli yake Nairobi. Mtu mmoja wa vitabu vya safari akautaja kwenye ukurasa wake, mwingine akautaja, na yule mjumbe asiye na miguu, akipita, akikuta kila siku kuna jipya la kweli na njia zote zinaelekea hapo, akawa hatoki mlangoni. Jina la Bilali likapanda juu ya Mhoja, likapanda juu ya wote. Halikushuka tena. Vyumba vya kulia vikafunguliwa.

Mhoja akaja mwenyewe na kofia mkononi. "Mastula, ukijaa wewe hao wengine unawaambia nini?"

"Nawaambia nimejaa."

"Waambie na mimi nina nafasi."

"Nitawaambia. Lakini kila asubuhi unitumie habari ya kweli. Siku utakayonidanganya nakufuta."

Mhoja akakubali, na mtu wake akawa anakuja kila siku kabla ya saa mbili.

Rahim alifika siku chache kabla ya Idi, jua linakaribia kuzama, yeye na Mayala, kila mmoja na begi lake. Mayala alikuwa ametokea Dar naye kwa ndege ileile. Mastura alikuwa jikoni anapika uji wa futari. Akatoka akijifuta mikono.

"Shikamoo kaka. Karibuni."

"Marahaba." Rahim hakukaa. "Nimeusoma ukurasa wako ofisini asubuhi. Eti vyumba vyote vimejaa. Mimi hizo tarehe zako ulinieleza mwenyewe, Mastura, usinifanye mtoto. Mzee Mayala anataka kuona nyumba."

"Ioneni," Mastura akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Rahim akaanza na chumba cha kwanza. Akagonga, akasukuma, akajikuta anatazamana na padri mwenye povu la kunyolea ndevu. Akaomba radhi. Cha pili, mama mmoja akaitikia kwa ukali kwamba anamwogesha mtoto. Cha tatu Wazungu wawili wamelala na buti zao. Akaenda hivyohivyo korido nzima, hodi na samahani, hodi na samahani, na sauti yake ikawa inapungua. Chumba cha mwisho kilikuwa kile cha Mzee Bilali, ambacho Mastura hulala mwenyewe. Humo alikuta mikeka miwili na familia ya Wakerewe wanaosubiri meli. Mastura alikuwa amehamishia godoro lake stoo.

Adhana ikalia. Wakakaa barazani, Mastura akawapa tende na uji, na Mayala ingawa si Mwislamu akanywa mabakuli mawili. Rahim alikuwa anatazama korido, watu wanavyopishana na ndoo za maji na taulo mabegani, mlango huu unafungwa, ule unafunguliwa. Macho yalimlowa, akasingizia moto wa uji.

"Baba hakuwahi kuiona hivi," akasema.

"Hakuwahi," Mastura akaitikia.

"Sasa sisi tutalala wapi?"

"Kaka, chini ya pale palipoandikwa pamejaa, pameandikwa nini?"

Rahim akakumbuka. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kwamba kwa Mhoja kuna nafasi mbili."

"Ni zenu hizo. Mlipokuwa mkigonga milango nimetuma mtu akaulizie, bado zipo."

Mayala akaweka bakuli chini, akakohoa. "Sasa bwana Rahim, lile jambo letu?"

"Hili neno nimekusumbua nalo, unisamehe," Rahim akasema, akainuka akachukua begi lake. "Nyumba haiuzwi."

Mastura akawasindikiza mpaka barabarani kama ilivyo desturi, akawaonyesha taa za kwa Mhoja, kisha akarudi mbio, kwa maana padri alikuwa anaitisha maji ya moto.